Aliyechagua Jitu

Rafu ya tatu ya kabati ilikuwa tupu, na Inspekta aliitazama kwa muda mrefu kuliko rafu tupu inavyostahili kutazamwa. Ndivyo alivyozoea kufanya kazi. Mtu akiibiwa kuku, yeye huanza na banda.

"Hapo ndipo ulipokuwa," alisema mkuu wa karakana. "Mguu wa kushoto, chini ya goti, namba mia mbili na kumi na nne. Ijumaa jioni upo. Jumamosi saa kumi na moja jioni nimekuja kuhesabu vifaa, haupo."

Karakana hiyo ya miguu na mikono bandia ilikuwa nyuma ya hospitali, chumba kirefu chenye harufu ya gundi na vumbi jeupe la plasta. Upande mmoja zilipangwa meza za mafundi na majiliwa yao ya kubania vifaa. Upande wa pili kulikuwa na vyuma viwili virefu ambavyo wagonjwa hushikilia wanapojifunza kutembea, na mwisho wa vyuma hivyo kioo kikubwa kilichotoka sakafuni hadi darini. Wagonjwa sita walikuwa kwenye benchi wakisubiri zamu, na wote sita walikuwa wamekatiza soga zao ili wasipitwe na neno.

"Nani ana ufunguo wa kabati?"

"Mimi na fundi. Basi."

"Na dirisha lile? Komeo lake limevunjika."

Mkuu alifungua mdomo, lakini Inspekta alikuwa ameshafika dirishani akichechemea. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mbili, na goti lake la kulia lilikuwa limeacha kumtii tangu alipoanguka na pikipiki ya kazini. Aliinama akachungulia pembe za fremu. Utando wa buibui ulikuwa umetandazwa kutoka ubao hadi ubao, mzima, na nzi wawili ndani yake.

"Limevunjika mwaka jana," mkuu alisema. "Nimeandika barua mbili."

"Aliyepita hapa angevunja nyumba ya watu. Tuliache dirisha."

Mkuu alimpa kadi ya mguu. Mwenyewe alikuwa mwalimu wa michezo, mwanamke, miaka thelathini na minne, urefu mita moja na sentimita sabini na nane. Mguu wake aliupoteza katika ajali mwaka uliopita. Chini yake ziliandikwa tarehe za kuja kuuchukua. Ya kwanza: hakuja. Ya pili: hakuja. Ya tatu: alikuja, akatembea hatua mbili, akakiona kioo, akaondoka. Ya nne ilikuwa leo, Jumatatu, saa sita mchana.

"Asipokuja leo?"

"Mguu unafunguliwa, vipande vinamtengenezea mtu mwingine. Nina watu mia moja kwenye foleni, afande." Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kalamu nne mfukoni na zote ziliandika. "Na mguu hautoki kwenye mlango ule mpaka mwenyewe atembee hatua kumi mbele ya kioo, halafu atie saini. Si kiburi. Miaka miwili iliyopita fundi mmoja alimwachia mgonjwa mguu akaujaribu nyumbani. Akaanguka, akavunjika nyonga. Mimi ndiye niliyekwenda kumtazama wodini."

"Na huyu fundi wa sasa?"

"Fundi bora niliyenaye," mkuu alisema, na uso ulimshuka. "Lakini ikifika saa sita mguu haupo kwenye rafu, namwachisha kazi na wewe unaondoka naye. Barua nimeshaiandika."

Fundi mwenyewe alikuwa kwenye chumba cha plasta, mweupe hadi viwikoni. Wenzake walimwita Kisigino, na Inspekta hakuhitaji kuuliza kwa nini, kwa sababu alimsikia kabla hajamwona: "Kisigino kwanza, mzee wangu! Kisigino, halafu vidole!" Mzee aliyekuwa akielekezwa aliondoka akinung'unika, na fundi akageuka. Alitazama viatu vya mgeni kabla ya kutazama uso wake.

"Goti la kulia, au nyonga?"

"Mimi ndiye ninayeuliza hapa."

"Goti," alijijibu. "Kiatu kimelika upande wa nje. Pole sana."

Inspekta aliketi, kwa sababu goti lilikuwa linamuuma kweli, na akafungua daftari. "Jumamosi mchana ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Nilikuwa kwenye gemu."

"Gemu?"

"La kwenye intaneti. Linaitwa Nchi ya Ukungu. Tuko chama, watu ishirini hivi. Muulize kiongozi wetu, msusi wa pale nyuma ya posta. Ataona niliingia saa nane nikatoka saa kumi."

"Mlikuwa wangapi nyumbani?"

Fundi aliokota kitambaa akaanza kufuta mikono. "Mimi na mama. Nakaa na mama."

"Ulichukua mguu kwenye kabati?"

"Afande, sijaiba kitu chochote maishani mwangu."

Inspekta aliyaandika maneno hayo kama yalivyotoka. Alikuwa ameuliza habari ya kuchukua, akajibiwa habari ya kuiba.

Saluni ya msusi ilikuwa na viti vitatu na mteja mmoja aliyesukwa nusu ya kichwa. Simu kubwa ya mwenye saluni iliegemezwa kwenye kopo la mafuta, mbele ya kioo, na ndani yake mjusi mwenye mkuki alikuwa amesimama akipumua.

"Kisigino kaiba?" Msusi alicheka mpaka mteja akashika kichwa chake kwa usalama. "Huyo ukimwazima kalamu anakupigia simu kukuambia bado anayo."

"Anasema Jumamosi alikuwa kwenye gemu."

"Aliingia, ndiyo. Lakini kuna kitu sijakielewa mpaka leo." Alijifuta mafuta kwenye aproni, akagusa simu, na orodha ndefu ikajitokeza. "Hapa naona kila mwanachama ameingia saa ngapi na anafanya nini. Mwone huyu. Saa nane na dakika kumi ameingia. Hakuja kwetu. Amekwenda kuanzisha mhusika mpya, akakaa kwenye ukurasa wa kuchagua jamii. Mpaka saa tisa na dakika arobaini yuko hapo hapo."

"Jamii ndiyo nini?"

"Kabla hujacheza, unachagua utakuwa nani. Binadamu, kibeti yule mfupi, mtu wa msitu, mtu-paka, mjusi au jitu. Ukishachagua umechagua, hubadilishi. Ukijuta, unaanza upya na kila ulichokipata unakiacha."

"Wewe ulichagua mjusi."

"Hana nywele," msusi alisema, na mteja akaangua kicheko. "Wee cheka. Kutwa nzima niko kwenye nywele za watu. Nikikaa na gemu langu nataka kuona upara."

Inspekta alikuja kutafuta saa na dakika tu, lakini sasa alivuta kiti karibu. "Na wengine? Wanachagua kwa sababu gani?"

"Ukiwauliza watakuambia sura. Usiwasikilize. Tuna dereva wa lori, huyo ni mtu-paka, kwa sababu paka anaruka ukuta na yeye siku nzima amekwama nyuma ya magari. Tuna nesi, huyo ni jitu, maana amechoka kusukumwa kwenye korido. Kila mtu anachagua kile ambacho mwili wake umekikosa tangu asubuhi."

"Na Kisigino?"

"Kibeti. Miaka saba, wahusika kumi na mmoja, vibeti watupu. Tumembembeleza awe jitu, chama kina mizigo na hakuna wa kubeba. Hataki kabisa. Anasema jitu linatembea vibaya."

"Vibaya vipi?"

Msusi alichomeka kitana kwenye nywele za mteja, akaja katikati ya chumba. Akatanua miguu, akatupa mabega huku na huku, akawa anashusha wayo mzima chini kwa kishindo mpaka vikopo vikacheza mezani. "Hivi. Anasema aliyelichora hajawahi kumtazama mtu akitembea. Anasema mtu wa msitu anatembea kwa vidole, paka anateleza, mjusi anaburuta, binadamu ndio kabisa, kama kavaa viatu vya kuazima. Kibeti peke yake ndiye anayetanguliza kisigino. Mwanamume mzima anachagua jamii kwa kutazama miguu!"

"Na Jumamosi alichagua nani?"

"Sasa hapo ndipo nilipochoka. Jitu." Msusi alirudi kwenye kitana chake. "Nikamwandikia: baba, unaumwa? Hajanijibu hadi sasa."

Inspekta aligonga daftari kwa kalamu. "Mtu anafanya nini dakika tisini kwenye ukurasa huo?"

"Hakuna cha kufanya. Ukigusa jamii, mhusika wake anatembea kwenye kijukwaa, anakwenda anarudi, umwone. Ukigusa nyingine, na huyo naye anatembea. Basi."

"Wewe ulikaa dakika ngapi?"

"Tatu. Na Kisigino hakai hata moja, anajua anachokitaka." Msusi alisita, mikono ikiwa hewani. "Afande, yule hakuwa Kisigino. Yule alikuwa mgeni."

"Ndivyo ninavyoona na mimi," alisema Inspekta.

Mlango wa nyumba ya fundi ulifunguliwa kabla haujagongwa. Mama yake alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, wa miaka sabini na kitu, na alimkagua mgeni kuanzia chini kwenda juu. Ukoo ulijulikana hapo hapo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa polisi. Unachechemea. Ingia, keti pale."

Pale ilikuwa kochi refu. Inspekta hakuketi mara moja. Sakafu ilikuwa ya saruji iliyopakwa rangi, na rangi ilikuwa na alama nne za mviringo ambapo miguu ya kochi ilisimama miaka na miaka. Kochi lenyewe sasa lilikuwa shubiri moja kando ya alama zake. Mtu alilisogeza, akalirudisha, na hakulirudisha vizuri.

"Mama, Jumamosi mchana nani alikuwa kwenye kompyuta?"

"Mimi."

"Wewe?"

"Kwani mimi sina vidole?"

"Unavyo, mama. Ulichagua jamii gani?"

Mama alitazama dari. "Yule mfupi."

"Kibeti?"

"Huyo huyo. Mwenye mkia."

"Mfupi mwenye mkia hayupo, mama."

"Basi nilimtengeneza mwenyewe."

Inspekta aliuma mdomo ili asicheke. Katika miaka ishirini na saba ya kazi alikuwa amedanganywa na watu wengi, na wachache walimdanganya kwa moyo mweupe kama huu. "Naomba uniwashie, nione."

Mama alikwenda kwenye kompyuta kwa ushujaa. Aliigusa skrini kwa kidole. Haikufanya kitu. Aliipapasa mgongo, kwa upole, kama anamwamsha mtoto, halafu akasema imechoka.

Wakati huo Inspekta alikuwa ameshapiga goti lake zima sakafuni. Kwenye rangi kulikuwa na alama nyeusi za mpira, za duara, upana wa kizibo cha chupa, mbili mbili, zikitoka ukuta mmoja na kukoma katikati ya chumba.

"Mama unatembelea fimbo?"

"Fimbo ya nini? Sokoni naenda na kurudi na mzigo kichwani."

Chumba kilikuwa kimepigwa deki, lakini deki haikufika kwenye pembe wala chini ya kochi. Huko chaki ilikuwa imebaki. Vilikuwa vistari vifupi vya kukata njia, na Inspekta alitoa rula yake akaanza kupima, akitambaa. Karibu na mlango, kutoka kistari hadi kistari, sentimita thelathini. Kisha thelathini na tatu. Kwenye pembe ya ukuta wa mbali, sentimita sitini na moja. Ukutani hapo palikuwa na alama ya kiganja, jasho na chaki, juu ya kichwa cha mama na juu ya bega la Inspekta. Mtu mrefu alikuwa amefika hapo na kujishika. Na vumbi la meza lilionyesha kwamba kompyuta iligeuzwa, ili mtu aliye sakafuni aione huku anatembea.

Aliinuka kwa kushika kochi. "Mama, huyo mgeni alikunywa chai ya maziwa au ya rangi?"

"Ya maziwa, vikombe vi..." Mama alijiziba mdomo. Kisha akaushusha mkono polepole. "Umenitega."

"Nimekutega, mama. Nisamehe."

Mama aliketi kwenye mkono wa kochi. "Yule binti alianguka mara tatu hapa ulipo. Tulilisogeza kochi limdake. Mara ya nne hakuanguka. Alifika ukutani, akageuka, akacheka. Alicheka mpaka mimi nikalia. Na mwanangu, tangu nimzae sijawahi kumwona na furaha kama ile." Alimkazia macho Inspekta. "Sasa niambie unampeleka wapi mwanangu."

"Bado sijui, mama," Inspekta alisema, na huo ulikuwa ukweli.

Saa tano na robo alikuwa amerudi kwenye chumba cha plasta. Alifunga mlango, akaweka rula mezani.

"Sentimita thelathini mlangoni," alisema, "sitini na moja ukutani. Magongo yaliishia katikati ya chumba. Mwalimu wa michezo alikuwa nyumbani kwenu Jumamosi, na mguu ulikuwa mwilini mwake. Na jitu alilichagua yeye."

Fundi alikaa juu ya mfuko wa plasta. Hakuonekana kama mtu aliyekamatwa. Alionekana kama mtu aliyetua mzigo.

"Vyuma na kioo vinawafaa wengi," alisema. "Yeye hapana. Miaka kumi amesimama mbele ya watoto akiwaonyesha jinsi ya kukimbia. Hapa alijiona kwenye kioo ameng'ang'ania chuma, benchi zima linamtazama, akaniambia bora magongo mpaka kufa. Na mimi nilizidi kumharibia. Nilikuwa nampigia kelele atembee kawaida. Nani anaijua kawaida yake, afande? Wewe unaijua?"

"Sina habari nayo."

"Hakuna anayeijua. Ukimwambia mtu tembea kawaida, anakwama. Lakini ukimwambia tembea kama jitu, anajaribu tu, na akianguka anacheka. Nikawaza kile kijukwaa. Wahusika sita, wanakwenda wanarudi, hawachoki, na hakuna hata mmoja anayekutazama. Akaanza na paka, akaanguka. Mtu wa msitu, akaanguka. Mjusi, akaanguka huku anacheka. Nikamwambia, sasa kibeti, huyu ndiye mwenye hatua sahihi, kisigino kwanza." Alitikisa kichwa. "Akaniambia, fundi, kila mtu hapa ananihubiria kisigino. Akagusa jitu. Wayo mzima chini, miguu mbali mbali, mabega yanayumba. Kwa vitabu vyangu hayo ni makosa matupu. Na ndiyo yaliyomsimamisha."

"Kwa hiyo mguu uko kwake."

"Aliomba aufanyie mazoezi Jumapili. Leo saa sita aje nao mwenyewe. Mkuu huhesabu vifaa Jumatatu jioni, miaka yote. Sikujua kwamba safari hii angehesabu Jumamosi."

"Ungesema tangu asubuhi."

"Nilimwahidi. Alisema nisimwambie mtu mpaka ajue kwamba anaweza."

"Basi mpigie simu."

"Nimwambie nini? Njoo, la sivyo nafukuzwa?" Fundi alitazama mikono yake. "Atakuja, afande. Atakuja mbio, na magongo, mguu kaushika mkononi, kwa ajili yangu. Akiuvua leo kwa hofu hauvai tena. Sitaki aje kwa ajili yangu."

"Naweza kumfuata na gari. Dakika kumi tu."

"Unaweza. Ila akiletwa na polisi, hatatembea mbele ya mtu yeyote tena." Alijifuta mikono kwenye suruali. "Na asipokuja, mimi nimekwisha na yeye amekwisha. Hilo nalijua. Ameshatukwepa mara tatu."

Inspekta alichukua rula yake, akairudisha mfukoni. Ufunguo wa gari ulikuwa mfuko huo huo, na vidole vyake viliugusa, vikauacha.

"Saa sita aliyoiweka mkuu ni saa sita," alisema. "Tutakaa."

Akaenda kukaa kwenye benchi, katikati ya wagonjwa.

Ilipofika saa sita kasoro robo, mkuu alitoka ofisini na bahasha. Alisimama karibu na kabati, mahali ambapo angeweza kuiona rafu na mlango kwa pamoja. Fundi aliendelea na kazi. Alikuwa anapiga msasa kipande kile kile ambacho kilikuwa kimeshalainika tangu asubuhi. Saa sita kasoro kumi. Saa sita kasoro tano. Mzee aliyehubiriwa kisigino alimnong'oneza Inspekta, "Atakuja?" naye akajibu hajui, na kweli hakujua, na moyo ulikuwa unamwenda mbio kuliko siku aliyokamata majambazi.

"Saa sita," mkuu alisema, bila furaha yoyote. "Afande, sheria ni sheria."

"Saa yako iko mbele dakika tatu."

Inspekta hakuwa na hakika hata kidogo. Lakini mkuu alikuwa mtu wa kalamu nne, akainama kuitazama saa yake, akaigonga, akaisikiliza. Alipoinua kichwa, mzee alikuwa amesimama kwenye dirisha la buibui.

"Haya," mzee alisema. "Hebu njooni."

Mwanamke mrefu alikuwa anakata uwanja wa hospitali kutoka getini. Alivaa suruali ya michezo, na filimbi ilining'inia shingoni. Magongo yote mawili alikuwa ameyafunga pamoja na kuyaweka begani, kama mtu anayetoka shamba na jembe lake. Alitembea miguu ikiwa mbali mbali, mabega yakiyumba huku na huku, wayo ukishuka wote kwa pamoja. Hakuwa na haraka. Mfagiaji alimpisha. Wauguzi wawili waliokuja na machela walimpisha na wao.

"Huo ni mwendo gani?" mkuu aliuliza.

Fundi alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Wa jitu," Inspekta alisema.

Mwalimu aliingia akihema, akaegemeza magongo ukutani. "Samahani, basi limenishusha mbali. Nimekuja kutia saini." Kisha akaona nyuso, akaona bahasha. "Barua ya nini hiyo?"

Mkuu aliitazama bahasha kana kwamba ndiyo kwanza anaiona, akaikunja, akaichomeka mfukoni nyuma ya kalamu. "Ya zamani," alisema. Akakohoa. "Kabla ya saini, hatua kumi. Mbele ya kioo. Hilo siwezi kukuondolea."

Mwalimu alikwenda hadi kwenye mwanzo wa vyuma na akainua uso. Kule mwisho, ndani ya kioo, alikuwa amesimama mwanamke aliyekunja suruali mguu mmoja, na nyuma yake benchi zima la watu. Mkono wake ulianza wenyewe kwenda kwenye chuma.

Fundi alifungua mdomo. Miaka kumi na tano ya mazoea ilikuwa inamsukuma, na kila aliyekuwa kwenye benchi alijua ni neno gani linakuja. Alilimeza.

"Jitu halishiki chuma," alisema.

Mkono ukarudi. Mwalimu alipanua miguu, akatupa bega, akaondoka. Mzee ndiye aliyeanza kuhesabu, na wengine wakamfuata, moja, mbili, tatu, wayo ukigonga sakafu kwa kila namba. Hatua ya sita aliyumba kupita kiasi na mgonjwa mmoja akapiga yowe. Hakuanguka. Ya kumi ilimfikisha kwenye kioo, uso kwa uso, na alijitazama kutoka juu hadi chini bila kuharakisha.

"Refu kweli," alisema.

Alitia saini. Saa saba alikuwa na kipindi, cha kwanza tangu ajali, na hakutaka kuchelewa. Mkuu alimrudishia magongo, akaambiwa ampe mwenye kuyahitaji. Inspekta alifungua daftari akaandika chini ya namba mia mbili na kumi na nne: *Mali imeonekana. Ilikuwa kwa mwenyewe.*

"Onyo la maandishi utalipata," mkuu alimwambia fundi, akijitahidi kuwa mkali. "Angeanguka, je? Siku nyingine unaniambia mimi kwanza." Alitembea mpaka mlango wa ofisi, akasimama. "Hilo gemu. Ile kompyuta ya stoo inaweza kuliwasha?"

Fundi hakumsikia. Alikuwa dirishani, midomo ikicheza. Inspekta alisogea kando yake akasikia: kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu. Uwanjani mwalimu alikuwa anarudi getini kwa mwendo wake mpana, na watu walikuwa wanampisha. Ishirini na tano. Thelathini na nane. Kwenye arobaini na tatu lori lilipita mbele ya geti, na lilipoondoka hapakuwa na mtu, na hesabu ikampotea.

"Hakutanguliza kisigino hata mara moja," fundi alisema.

"Imekuuma?"

"Nimefurahi, afande. Nimefurahi sana." Alijifuta macho kwa mkono wenye plasta, na mstari mweupe ukabaki shavuni. "Sasa tembea kidogo kwanza, nikuone, halafu uketi hapo nilitazame hilo goti."